Bakteria wanakufa ukiwasha jeni: utatuzi wa matatizo ya kuzalisha protini kwenye E. coli BL21(DE3)

Malalamiko ya watu wanaozalisha protini kwenye bakteria hayapishani sana. Mmoja hapati koloni hata moja baada ya kuingiza plasmidi (duara dogo la DNA linalobeba jeni). Mwingine anaweka IPTG (kemikali ya kuwasha jeni), na saa mbili baadaye OD (kipimo cha ukungu wa mchuzi) iko palepale. Wa tatu mchuzi wake umejaa bakteria wenye afya, lakini kwenye jeli ya kutenganisha protini hauonekani mstari wa protini anayoitafuta. Wa nne anafika asubuhi anakuta mchuzi uliokuwa mzito jana jioni umekuwa mwangavu, una povu juu na nyuzinyuzi za kuteleza ndani.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili hizo. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi imetangulia, na ukaguzi rahisi umewekwa kabla ya marekebisho makubwa. Nimeshikilia mfumo mmoja, yaani aina ya E. coli iitwayo BL21(DE3) na plasmidi za familia ya pET, kwa sababu ndio unaotumika katika maabara nyingi na ndio unaoua bakteria kwa urahisi zaidi.

Kinachomuua bakteria ni nini hasa

Mfumo wa T7 ulielezwa na Studier na Moffatt mwaka 1986. BL21(DE3) amebeba kwenye kromosomu yake jeni ya RNA polimerasi (kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa mRNA) ya faji T7, yaani kirusi cha bakteria, iliyowekwa chini ya promota (swichi ya jeni) ya lacUV5. Ukiweka IPTG, kizuizi cha lac (protini inayofunga promota hiyo) kinaachia, polimerasi ya T7 inatengenezwa, nayo inakwenda kusoma jeni yako kwenye plasmidi. Polimerasi hiyo ina kasi mara kadhaa kuliko ile ya bakteria mwenyewe. Kwa muda mfupi seli inajaa mRNA ya jeni moja, na ribosomu (viwanda vya protini vya seli), amino asidi na nishati vinavutwa vyote upande huo.

Mwaka 1995 Dong, Nilsson na Kurland walionyesha kwamba E. coli akilazimishwa kutengeneza protini asiyoihitaji, ukuaji wake unapungua kadiri protini hiyo inavyoongezeka. Ikifika karibu asilimia 30 ya protini yote ya seli, ukuaji unakaribia kusimama kabisa. Akiendelea kulazimishwa, ribosomu zenyewe zinaanza kuvunjwa, na seli iliyopoteza ribosomu zake haina tena chombo cha kujijenga upya.

Kwa hiyo bakteria anayezalisha sana lazima aumie. Ila kuna jambo moja ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote: dakika unapowasha jeni, umeanza kuwachagua walioacha kazi. Seli iliyopoteza plasmidi, au iliyopata badiliko linalozima polimerasi ya T7, haina mzigo wowote. Itaendelea kugawanyika kila nusu saa au pungufu huku wenzake wamesimama. Mchuzi unaostawi mno baada ya IPTG unapaswa kukutia wasiwasi kuliko ule unaodorora.

Kabla ya dalili yoyote: flaski tatu

Usianze kubadilisha joto wala kiasi cha IPTG kabla hujapanga flaski tatu kutoka siku moja. Ya kwanza ina plasmidi yako na IPTG. Ya pili ina plasmidi yako bila IPTG. Ya tatu ina plasmidi tupu ya pET, isiyo na jeni yako, pamoja na IPTG. Pima OD ya mawimbi ya nanomita 600 kila saa. Ukisoma zaidi ya 0.8, punguza sampuli kwa LB (mchuzi wa chakula cha bakteria) mara 10 na upime tena, kwa sababu spektrofotomita nyingi hazisomi kwa uaminifu juu ya hapo.

Flaski ya pili ikidorora bila IPTG, jeni yako inavuja. Ya pili ikistawi na ya kwanza ikasimama, tatizo ni mzigo wa uzalishaji au sumu ya protini. Ya tatu nayo ikisimama, usiilaumu protini yako: angalia oksijeni, joto, antibayotiki na stoku ya IPTG. Watu wengi hutumia wiki nzima kutafuta kosa kwenye jeni wakati flaski hizi zingewajibu siku moja.

OD peke yake haitoshi. Inapima ukungu wa mchuzi, na seli iliyokufa bila kupasuka bado inaleta ukungu. Mabonge ya protini ndani ya seli nayo hutawanya mwanga na kuipandisha OD. Ukitaka kujua wangapi wako hai, mwaga kwenye agari. Mchuzi wa OD 1 una takribani seli 800,000,000 kwa mililita. Ukiupunguza mara 1,000,000 na kumwaga mikrolita 100 kwenye sahani isiyo na IPTG, utarajie koloni kama 80. Ukipata 5, OD ilikuwa inakudanganya.

Dalili ya 1: hakuna koloni, au koloni ni vidoto visivyokua

Kwa kawaida plasmidi hiyohiyo imeingia DH5α (aina ya E. coli ya kutunzia plasmidi) bila shida yoyote. DH5α hana polimerasi ya T7, kwa hiyo jeni yako imelala. Ndani ya BL21(DE3) polimerasi ipo, na promota yake haifungi kabisa hata bila IPTG.

Sababu ya kawaida zaidi ni kwamba seli za kupokea DNA zimechoka. Mara nyingi ziliyeyuka njiani au friza ilizimika umeme ulipokatika, zikaganda tena, na bomba kwa nje halionyeshi chochote. Ziingize plasmidi tupu unayoiamini. Isipotoa koloni, tupa kundi zima la seli na uandae lingine. Hakikisha pia antibayotiki ya sahani ndiyo inayolingana na plasmidi: pET nyingine ni za ampisilini, nyingine za kanamaisini, na tarakimu moja kwenye jina la plasmidi inatosha kukupoteza.

Plasmidi tupu ikitoa koloni nyingi na yako ikakosa, jeni inavuja na protini inaua hata kwa kiasi kidogo. Nyukliasi (vikata DNA na RNA), protiasi (vikata protini) na protini za utando ndizo maarufu kwa tabia hii. Fanya hivi kwa mfuatano:

1. Weka glukosi asilimia 1 kwenye agari na kwenye mchuzi wa kuamshia seli. Glukosi inashusha cAMP (molekuli inayochochea promota za lac), na promota hizo zinatulia.
2. Otesha kwenye nyuzi 30 badala ya 37 na uzipe koloni muda zaidi.
3. Hamia BL21(DE3) mwenye pLysS. Plasmidi hiyo inatoa lisozaimu ya T7 kwa kiasi kidogo, nayo inaikamata polimerasi inayovuja. Ongeza kloramfenikoli mikrogramu 34 kwa mililita ili pLysS isipotee.
4. Jaribu C41(DE3) au C43(DE3). Miroux na Walker waliwapata mwaka 1996 kwa kuchagua bakteria walionusurika uzalishaji wa protini zenye sumu. Baadaye ilibainika kwamba promota yao ya lacUV5 imebadilika na kudhoofika, kwa hiyo wanatengeneza polimerasi kidogo zaidi.
5. Yote yakishindikana, ondoka kwenye T7. Promota ya arabinosi kwenye plasmidi za pBAD inafungwa vizuri zaidi, hasa glukosi ikiwepo.

Onyo moja ambalo halisisitizwi vya kutosha: sahani ikiwa na vidoto mia na koloni moja nono, usiichukue ile nono. Mara nyingi hiyo ndiyo iliyovunja jeni yako au kuizima. Chukua vidoto, vikuze polepole kwenye glukosi, na upeleke plasmidi yao ikasomwe mfuatano wa DNA.

Simama hapa uombe ruhusa iwapo jeni yako ni ya sumu inayoweza kumdhuru binadamu au mnyama. Hilo ni suala la kamati ya usalama wa kibayolojia ya taasisi yako, na halitatuliwi kwa kubadilisha aina ya bakteria.

Dalili ya 2: bakteria wanadorora kabla hata hujaweka IPTG

Angalia kwanza mchuzi wa mbegu, ule uliooteshwa usiku kucha. Ukiachwa saa 16 au zaidi kwenye nyuzi 37, seli zimemaliza chakula, ampisilini imeisha, na plasmidi imeanza kupotea. Ampisilini inaisha kwa sababu plasmidi inatoa beta-laktamasi inayotoka nje ya seli na kuivunja antibayotiki ya mchuzi mzima. Baada ya muda, hata asiye na plasmidi anaishi kwa amani katikati ya wenye nayo.

Marekebisho ni rahisi. Anzisha mbegu jioni kwa kiasi kidogo kwenye nyuzi 30, ikiwa na glukosi. Asubuhi izungushe kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu yenye beta-laktamasi, kisha yeyusha mashapo kwenye LB mpya yenye antibayotiki mpya. Kabenisilini inadumu kuliko ampisilini. Kanamaisini haina tatizo hili, na kwa jeni ngumu mimi huipendekeza tangu siku ya kuchagua plasmidi.

Sababu inayofuata ni laktosi. Triptoni ya LB inatengenezwa kutokana na kaseini ya maziwa na inaweza kuja na mabaki ya laktosi. Studier alilieleza jambo hili kwa kina mwaka 2005 alipotoa michuzi yake inayojiwasha yenyewe: katika mchuzi wa kawaida, jeni inaweza kuwaka bila kutarajiwa bakteria wanapokaribia kumaliza chakula. Ndiyo maana kopo jipya la triptoni linaweza kubadilisha matokeo yako bila wewe kugusa kitu kingine. Glukosi kwenye mbegu inazuia hilo, na ukipunguza mbegu mara 100 kwenye flaski kubwa, glukosi inayobaki ni kidogo mno kuathiri IPTG baadaye.

Dalili ya 3: OD inasimama mara tu baada ya IPTG

Kupungua kasi ni kawaida. Mchuzi uliokuwa unajizidisha maradufu kila dakika 30 ukianza kuchukua saa moja au zaidi, bakteria wanafanya kazi uliyowapa. Wasiwasi uje pale OD inapoganda kabisa ndani ya saa ya kwanza, au idadi ya koloni hai inaposhuka mara 100 au zaidi.

Ukaguzi wa kwanza ni hewa. Flaski ya lita 1 isiwe na mchuzi zaidi ya mililita 200, na mashine ya kutikisa iende mizunguko 200 hivi kwa dakika. Bakteria wengi kwenye flaski iliyojaa wanakosa oksijeni na kutoa asetati, ambayo nayo inazuia ukuaji. Umeme ukikatika na mashine ikasimama, mchuzi mzito unamaliza oksijeni yake kwa dakika chache. Andika muda wa kukatika kwenye daftari, kwa sababu wiki ijayo hutakumbuka kwa nini flaski ile ilikuwa tofauti.

Pili ni wakati wa kuwasha. OD kati ya 0.4 na 0.8 ndiyo inayofaa kwa LB. Ukiwasha OD ikiwa 0.1, unaweka mzigo wote juu ya seli chache ambazo bado hazijajijenga.

Kisha njoo kwenye IPTG yenyewe. Milimola 1 kwa lita imekuwa mazoea, lakini kwa BL21(DE3) milimola 0.1 mara nyingi inatosha kuwasha jeni kikamilifu. Kuongeza hakuongezi protini, kunaongeza gharama. Ukitaka kushusha uzalishaji wa kila seli taratibu, fahamu kwamba BL21 wa kawaida ana kipitishio cha laktosi kinachofanya baadhi ya seli zijazwe IPTG na jirani zao zikose. Aina iitwayo Tuner imeondolewa kipitishio hicho, kwa hiyo IPTG inaingia sawasawa kwenye seli zote. Lemo21(DE3) naye anakuruhusu kurekebisha kiasi cha lisozaimu ya T7 kwa ramnosi, na kwa protini za utando ndiye ningemjaribu mapema.

Joto ndilo lenye nguvu kuliko vyote nilivyotaja. Toa flaski kwenye nyuzi 37, ipoze hadi 18, iache itulie kama nusu saa, ndipo uweke IPTG na kuacha usiku kucha. Kila kitu kinapungua kasi, protini inapata muda wa kujikunja, na ribosomu hazizidiwi. Kosa linaloripotiwa mara kwa mara ni kuweka IPTG kwanza na kupoza baadaye: kufikia mchuzi kupoa, madhara yameshafanyika.

Flaski zikiwa sawa, joto liko chini, na bado seli zinakufa, ingia ndani zaidi:

- Kodoni (herufi tatu za jeni zinazotaja amino asidi) adimu. Jeni ya binadamu au ya mmea inaweza kujaa AGA na AGG za ajinini, ambazo E. coli anazitumia kwa nadra. Zikifuatana mbili au tatu, ribosomu zinasimama foleni juu ya mRNA na tRNA (kibeba amino asidi) ya kodoni hizo inakwisha seli nzima, pamoja na kwa protini zake mwenyewe. Aina ya Rosetta inabeba tRNA za ziada. Kuagiza jeni iliyoandikwa upya kwa kodoni za E. coli ni dawa ya kudumu.
- Kuziba kwa mlango wa Sec. Protini za utando, na zile zenye kipande cha kuzipeleka nje ya utando wa ndani, hupita mlango mmoja na protini nyingine muhimu. Ukimwaga protini yako nyingi mno, za bakteria mwenyewe zinabaki saitoplazimu na utando unadhoofika. Hapa suluhisho ni kupunguza uzalishaji. Watu hawapendi kusikia hilo, lakini seli inayozalisha kidogo kwa saa 18 inaweza kukupa zaidi kuliko iliyokufa baada ya saa moja.
- Sumu ya protini yenyewe. Linganisha na toleo la jeni lenye badiliko linaloua utendaji wa kimeng'enya. Toleo hilo likizalishwa bila kuua, basi ni utendaji wa protini unaomdhuru bakteria, wala wingi wake si tatizo. Tofauti hii inaamua kila kitu kinachofuata.

Tazama pia seli kwenye hadubini. Zikiwa ndefu kama uzi, ugawanyikaji umekwama ingawa ukuaji unaendelea, na kila uzi utahesabika kama koloni moja tu kwenye sahani. Usizihesabu zote kuwa zimekufa.

Dalili ya 4: bakteria wanastawi sana, protini haipo

Hii ndiyo dalili inayopoteza muda wa watu kuliko zote, kwa sababu kila kitu kinaonekana kizuri. Mchuzi ni mzito, mashapo ni mengi, na jeli ni tupu. Jibu la kwanza la wengi ni kuongeza IPTG. Haitasaidia ikiwa wanaokua ni wale walioacha kazi.

Hakikisha mambo mepesi: IPTG haijayeyushwa na kugandishwa mara nyingi kwenye bomba lisilo na tarehe, aina ya bakteria kweli ina DE3 (BL21 bila DE3 hana polimerasi ya T7), na umeweka kwenye jeli sampuli ya seli nzima, siyo maji ya juu tu. Kisha fanya jaribio la sahani nne. Halihitaji chombo chochote cha ghali, na sijui kwa nini halifanywi kila wiki kwenye kila maabara.

Chukua mchuzi dakika moja kabla ya kuweka IPTG. Andaa sahani ya agari tupu, ya antibayotiki peke yake, ya IPTG milimola 1 peke yake, na ya antibayotiki pamoja na IPTG. Kwa mbili za kwanza punguza mchuzi mara 1,000,000. Kwa ya IPTG peke yake punguza mara 10,000, na kwa ya mwisho mara 100. Mwaga mikrolita 100 kila moja, otesha usiku kucha, hesabu, na urudishe hesabu kwa kuzidisha na kiwango cha upunguzaji.

Mchuzi mzuri unatoa hesabu karibu sawa kwenye sahani mbili za kwanza. Kwenye IPTG peke yake wanaoota ni chini ya asilimia 2, na kwenye ile yenye vyote viwili ni chini ya asilimia 0.01. Soma matokeo hayo tena: seli yenye plasmidi nzima na jeni inayofanya kazi haioti kabisa kwenye IPTG, kwa sababu kuwashwa kikamilifu kunaiua. Kutoota ndiyo dalili ya uzima.

Koloni zikipungua kwenye antibayotiki na kuongezeka kwenye IPTG peke yake, plasmidi inapotea. Rudi kwenye dalili ya 2. Koloni zikijaa kwenye sahani yenye antibayotiki na IPTG pamoja, una bakteria waliobaki na plasmidi lakini wameizima: ama polimerasi ya T7 imevunjika, ama jeni yako, ama promota. Kundi hilo halitengenezeki. Lichome kwenye otoklavu, ingiza plasmidi upya kwenye seli safi, na siku inayofuata anza uzalishaji kutoka koloni mpya.

Kwa jeni ngumu, usitegemee stoku ya gliseroli ya BL21(DE3) iliyokaa miezi kwenye friza ya nyuzi hasi 80. Tunza plasmidi ndani ya DH5α, na uiingize BL21 kila unapohitaji kuzalisha. Plasmidi mpya nayo ikitoa matokeo yaleyale, ipeleke kwa watoa huduma wa kusoma DNA, kuanzia promota ya T7 hadi mwisho wa jeni, kabla hujanunua kemikali nyingine yoyote.

Dalili ya 5: protini ipo, lakini baada ya kupasua seli yote iko kwenye mashapo

Hapa seli haijashindwa kuzalisha, imeshindwa kukunja. Protini zisizokunjwa zinashikana kuwa mabonge, na bakteria anajibu kwa kuwasha jeni za mshtuko wa joto kupitia sigma 32 (protini inayoziwasha): DnaK, GroEL na wenzao, protini zinazosaidia nyingine kujikunja. Mabonge yenyewe si lazima yaue. Mara nyingine ndiyo yanayoikinga seli dhidi ya protini yenye sumu, kwa kuwa iliyo ndani ya bonge haifanyi kazi.

Shusha joto hadi 18 na IPTG hadi 0.1 kabla ya kitu kingine. Ukishindwa, unganisha protini yako na MBP au SUMO, protini zinazoyeyuka vizuri, au ongeza plasmidi ya GroEL na GroES. Protini zinazohitaji vifungo vya salfa kati ya sisteini zinataka aina kama SHuffle au Origami, kwa sababu saitoplazimu ya E. coli wa kawaida haiviruhusu vifungo hivyo.

Ikiwa protini ni ndogo na imara, fikiria kuyaacha mabonge yajijenge, uyaoshe, uyayeyushe kwa yurea molari 8 na kuikunja upya nje ya seli. Ni njia halali, na wakati mwingine ndiyo fupi.

Dalili ya 6: mchuzi umekuwa mwangavu ghafla, una povu na nyuzi

Seli zimepasuka. Nyuzi hizo ni DNA yao. Uamuzi wote unategemea flaski ya pili, ile isiyo na IPTG.

Ikiwa iliyowashwa tu ndiyo imepasuka, protini yako inaharibu utando au ukuta. Vuna mapema, saa moja hadi tatu baada ya IPTG, shusha joto, na urudi kwenye C43(DE3) au Lemo21. Ukitumia pLysS kumbuka kwamba lisozaimu iko tayari ndani ya seli: utando ukitoboka kidogo tu, lisozaimu inaufikia ukuta na seli inafunguka. Kwa sababu hiyohiyo mashapo ya pLysS yaliyogandishwa yanapasuka yakiyeyushwa, kwa hiyo weka vizuizi vya protiasi kabla hayajayeyuka.

Ikiwa hata isiyowashwa imepasuka, na labda flaski ya mwenzako kwenye inkubeta hiyohiyo, acha kufikiria uzalishaji wa protini. Fikiria faji. T1 ndiye anayesumbua maabara nyingi, kwa kuwa anavumilia ukavu na anasafiri kwenye matone madogo ya hewa. Kuthibitisha, zungusha mchuzi uliopasuka, chuja maji ya juu kwa kichujio cha mikromita 0.2, na udondoshe tone juu ya agari iliyopakwa BL21 safi. Duara angavu kesho yake ni faji.

Hapo simama. Usifungue flaski nyingine, usiwashe sentrifuji, usihamishe mchuzi kwenda chumba kingine. Mwite msimamizi wa maabara na mhusika wa usalama wa kibayolojia, kwa sababu inkubeta, mashine ya kutikisa, pipeti na vichujio vya hewa vyote vitahitaji kusafishwa kwa utaratibu mmoja na watu wote wa chumba hicho kusimama kwa pamoja. Spiriti ya asilimia 70 peke yake haitoshi kwa faji. Nyuso zifutwe kwa jiki iliyozimuliwa siku hiyohiyo, na michuzi yote iingie otoklavu kwa nyuzi 121. Hakuna kinachomwagwa kwenye sinki kikiwa hai, wakati huu wala wakati mwingine wowote, kwa kuwa bakteria hawa wamebeba jeni za usugu wa antibayotiki.

Chumba kikishasafishwa, agiza aina ya bakteria isiyo na kipokezi cha FhuA, ambacho T1 anakitumia kuingilia. Aina za BL21 za namna hiyo zinauzwa. Stoku zote za gliseroli zilizofunguliwa wiki ile zihesabiwe kuwa zimechafuka mpaka kila moja ijaribiwe kwenye agari.